Kabla ya Kununua Hema la Familia



Katika likizo ya Aprili mwaka 2023, familia saba za jumuiya yetu tulipiga kambi ya siku tatu kwenye shamba la mwenzetu, hapa hapa upande wa Tuala. Nia yetu ilikuwa njema: wazazi na watoto wapike pamoja, wasali pamoja, na wazungumze bila televisheni kuwakatiza. Usiku wa kwanza ulipita salama. Usiku wa pili mvua ilianza saa nne, ikaja na upepo. Kufikia saa sita, mahema matatu kati ya saba yalikuwa yameanguka au yamejaa maji.

Lakini si hilo lililotutia hofu. Saa tisa usiku mmoja wetu alikuwa akizunguka na tochi akaona mwanga mwekundu ndani ya hema moja. Blanketi zilikuwa zimelowa, watoto wanatetemeka, na mama yao alikuwa ameingiza jiko la makaa ndani, kisha akafunga zipu ili joto lisitoke. Tulipofungua, mama alilalamika kwamba kichwa kinamuuma sana, na mtoto mdogo alikuwa ametapika. Tuliwatoa nje mara moja, tukatafuta gari, tukawapeleka hospitali. Tunamshukuru Mungu kwamba wote walipona.

Baadaye tulikaa chini tukajiuliza kosa lilianzia wapi. Wengi wetu tulisema: kwenye jiko. Lakini tulipoendelea kufikiri tuliona kwamba kosa lilianza dukani, miezi miwili kabla ya siku ile. Hema lilikuwa dogo kuliko familia, watoto wakalala wakigusa ukuta. Lilikuwa na paa moja tu, na sakafu nyepesi. Maji yakaingia, maji yakaleta baridi, baridi ikaleta jiko. Mama yule hakuwa mjinga. Alikuwa mzazi anayeona watoto wake wanaganda.

Kwa hiyo tumeandika makala hii kwa ajili ya familia yoyote inayotaka kununua hema, au tenti kama tunavyosema wengi. Wahenga walisema rahisi ghali. Sisi tumejifunza hivyo kwa kulowa.

1. Hesabu watu kwanza, halafu soma namba

Kwenye mfuko wa hema utaona imeandikwa "watu 4" au "watu 6". Namba hiyo si uongo, lakini usiielewe vibaya. Maana yake ni watu wanne waliolala wamebanana bega kwa bega, bila mizigo, bila viatu, na bila mtoto anayegeuka-geuka usiku. Kila mtu anahesabiwa upana wa kama sentimita 60 tu.

Sasa fikiria godoro letu la kawaida la futi tatu kwa sita. Upana wake ni kama sentimita 90. Hema la watu wanne lenye upana wa sentimita 240 litachukua magodoro mawili ya namna hiyo, na nafasi inayobaki haitoshi hata la tatu. Mtu akilala akigusa ukuta, unyevu wa kitambaa utaingia kwenye blanketi yake.

Kanuni yetu sasa ni hii: hesabu watu wa nyumba yako, ongeza wawili au watatu. Familia ya watu watano itafute hema lililoandikwa watu 7 au 8. Kabla ya kwenda dukani chukua kamba, pima ukubwa wa hema hilo kwenye sakafu ya nyumba yako, kisha laza watoto ndani ya kamba hiyo. Watacheka, lakini wewe utapata jibu.

2. Paa mbili ni bora kuliko moja

Watu wengi hulalamika kwamba hema lao linavuja hata kama mvua haikunyesha. Mara nyingi halivuji. Maji yale yametoka kwa wenye kulala. Binadamu hutoa mvuke kwa pumzi na jasho usiku kucha. Watu watano hutoa zaidi ya lita moja kabla ya asubuhi. Mvuke huo ukikutana na kitambaa baridi hugeuka kuwa matone, kama yale yanayoonekana upande wa ndani wa mfuniko wa sufuria.

Hema zuri lina ngozi mbili. Ya ndani ni nyepesi, inapitisha mvuke, na ina madirisha ya neti. Ya nje ndiyo inayozuia mvua. Kati yake kuna nafasi ambamo hewa inapita. Matone yakijikusanya kwenye ngozi ya nje, yatateremka hadi chini bila kukugusa. Angalia kwamba ngozi ya nje inafika karibu na ardhi pande zote. Yapo mahema ambayo kifuniko chake ni kama kofia ndogo ya juu tu. Hayo yanafaa kwa kivuli cha mchana, lakini mvua ya Aprili inayokuja kwa upande itaingia.

Madirisha yawe na matundu ya juu ambayo hayafungiki kabisa. Mtu akikuambia hema lake halipitishi hewa hata kidogo, hajalisifu.

3. Maji: milimita, mishono na sakafu

Kwenye karatasi ya maelezo utaona namba kama 1,500 au 3,000, ikifuatiwa na milimita. Watu wengi huiruka. Maana yake ni rahisi. Fikiria bomba limesimamishwa juu ya kitambaa, likajazwa maji. Kitambaa cha 1,500 kinaweza kubeba maji ya kimo cha mita moja na nusu kabla matone hayajaanza kupenya. Kwa paa, tungeihesabu 1,500 kuwa kiwango cha chini. 2,000 hadi 3,000 ni bora zaidi kwa mvua zetu. Sakafu inahitaji zaidi, 3,000 na kuendelea, kwa sababu goti au kiwiko cha mtu hukandamiza maji ya chini yapande juu.

Kisha tazama mishono. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Geuza kitambaa upande wa ndani, uone kama mishono imefunikwa kwa utepe uliogandishwa. Kama hakuna utepe, nunua gundi ya kuziba mishono na uipake wewe mwenyewe kabla ya safari.

Sakafu iwe imeshonwa pamoja na kuta, na ipande juu kidogo pande zote, kama beseni. Hema lisilo na sakafu linafaa kwa sherehe au matanga, lakini si la kulaza watoto. Maji yatapita chini, na si maji tu: siafu na nge pia.

4. Upepo na umbo la hema

Hapa kwetu Tuala tuko kwenye tambarare, na upepo hauna kizuizi. Ukitazama magharibi siku ya anga safi utaiona milima ya Ngong, mahali ambapo mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimamishwa mwaka 1993. Mitambo haiwekwi mahali pasipo na upepo.

Yapo mahema marefu yenye kuta zilizosimama wima kama za chumba. Yanapendeza, mtu mzima anasimama ndani na kuvaa suruali yake bila kuinama. Lakini ukuta uliosimama wima ni kama tanga la mashua. Hema la umbo la kuba, lililo chini na la mviringo, huuacha upepo upite juu yake. Akina mama wa Kimaasai walilijua jambo hili zamani. Tazama enkaji: ni fupi, pembe zake ni za mviringo, na mlango ni mdogo. Imejengwa na watu wanaoijua tambarare hii. Ukitaka hema refu, basi lazima uwe na fito imara na kamba za kutosha, na uzifunge zote, si mbili tu za mbele.

Fito za faiba ni za bei nafuu lakini hupasuka zikikunjwa vibaya, na vipande vyake huchoma vidole. Fito za alumini ni nyepesi na imara zaidi, lakini zina bei. Za chuma ni nzito na zinaweza kushika kutu. Zozote utakazochagua, uliza dukani kama fito moja ikivunjika unaweza kuipata peke yake. Kama jibu ni hapana, siku fito itakapovunjika utakuwa umenunua gunia.

5. Udongo wetu na vigingi

Ndugu zetu wa mjengo wanaujua vizuri udongo mweusi wa Kitengela. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuingia. Mvua ikinyesha unakuwa kama uji mzito na kunata kwenye viatu. Vigingi vyembamba vinavyokuja ndani ya mfuko wa hema havifai hapa. Kwenye udongo mkavu vinapinda, na kwenye udongo uliolowa vinatoka kama sindano kwenye siagi. Hivyo ndivyo mahema yetu yalivyoanguka usiku ule.

Mwombe fundi wa chuma akukatie vigingi vya nondo vya urefu wa sentimita 30 hadi 40, ncha moja imechongwa na nyingine imekunjwa kama ndoano. Vipigilie vikiwa vimelala kidogo, kichwa kikielekea mbali na hema, ili kamba ikivuta kigingi kisitoke. Mvua ikianza, toka uangalie kamba tena. Udongo ukilainika weka jiwe kubwa juu ya kila kigingi.

6. Mahali pa kusimamisha

Hema zuri likisimamishwa mahali pabaya ni kazi bure. Tarehe 1 Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake na kufurika kwenye kambi kadhaa za watalii huko Maasai Mara. Watu waliokolewa kwa helikopta. Zile zilikuwa kambi zenye mahema ya gharama kubwa kuliko tunayoweza kununua sisi. Majira yale yale ya mvua, mafuriko yaliingia katika nyumba za watu Kitengela na Athi River. Mto haujali bei ya hema.

Kwa hiyo usilale ukingoni mwa mto Mbagathi wala ndani ya korongo, hata kama ni kavu na lina mchanga mzuri. Mvua inaweza kunyesha mbali usikokuona, na maji yakakufikia umelala. Tafuta mahali palipoinuka kidogo, mbali na matawi makavu. Elekeza mgongo wa hema kule upepo unakotoka, na mlango upande wa pili. Chimba mfereji mdogo upande wa juu kama mwenye shamba amekuruhusu.

Tukumbuke pia kwamba mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wake wa kusini, upande wetu sisi. Wanyama huvuka mto kuja kwenye tambarare. Wafugaji wa hapa hawahitaji kuambiwa habari za simba na fisi. Kitambaa si ukuta. Usiweke nyama wala mabaki ya chakula ndani ya hema, watoto wasitoke peke yao usiku, na uliza wenyeji kabla ya kuchagua mahali. Ukipiga kambi ndani ya hifadhi, fuata maagizo ya askari wa wanyamapori.

7. Jiko libaki nje, bila mjadala

Tunarudi kwenye jambo lililotufanya tuandike. Makaa yanapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Wengi hufikiri ni uchovu, wanalala, na hawaamki.

Jiko ambalo moto wake umefunikwa na majivu bado linatoa gesi hiyo. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Mtungi wa gesi ya kupikia nao usiwashwe ndani, na mishumaa vilevile, kwa maana kitambaa cha hema kikishika moto kinaungua kwa muda mfupi sana. Ukimkuta mtu ana dalili tulizozitaja, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, kisha mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Je, baridi tuifanyeje? Kwanza, kumbuka kwamba baridi nyingi hutoka chini. Ardhi inanyonya joto la mwili. Tandika mkeka na godoro la sponji, na weka blanketi moja chini kabla ya kufikiria ya tatu juu. Watoto wabadilishe nguo walizoshinda nazo, wavae soksi kavu na kofia. Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge vizuri, izungushie shuka, uiweke miguuni. Uji wa moto kabla ya kulala unasaidia. Na weka seti moja ya nguo na blanketi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, usiofunguliwa mpaka siku ya shida. Kama usiku ule mama yule angekuwa na mfuko huo, jiko lingebaki nje.

8. Dukani, mitumba na kutunza

Mitumba mizuri ipo, Gikomba na kwingineko, na wengine tumepata mahema imara huko. Lakini usinunue likiwa limekunjwa. Lifungue lote. Linuse: harufu ya ukungu ni dalili mbaya. Lipapase: kama kitambaa kinanata au kinamenyeka kama ngozi ya nyoka, kinga yake ya maji imekwisha. Ingiza kichwa ndani na utazame juu kwenye mwanga. Matundu yatajionyesha kama nyota. Funga na kufungua kila zipu mara tatu. Hesabu fito.

Hema la turubai la pamba ni zito, lakini lina ubaridi mchana na hudumu miaka mingi. Likiwa jipya, limwagie maji na uliache likauke kabla ya kulitumia, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Adui yake mkubwa ni kukunjwa likiwa bichi. Hema la nailoni au poliesta ni jepesi, laweza kubebwa kwenye bodaboda. Adui yake ni jua. Usiliache limesimama kwenye ploti miezi mingi kama kibanda cha mlinzi, halafu ulalamike kwamba linachanika.

Likichanika, mpelekee fundi wa cherehani, kisha uzibe mshono kwa gundi. Tusiidharau kazi hii: hata Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema kule Korintho, pamoja na Akila na Prisila. Zipu ikikwama, ipake nta ya mshumaa. Na ukirudi kutoka kambini lianike, hata kama umechoka.

Jambo la mwisho kabla ya safari ni hili: lisimamishe nyumbani. Limwagie maji ndoo kadhaa, au ungoje mvua, kisha familia ilale humo usiku mmoja uani. Kikikosekana kitu, mlango wa nyumba uko karibu.

9. Bei, na kushirikiana

Tunajua karo ni nyingi na shilingi ni chache. Tuseme, kwa mfano tu, hema moja ni shilingi 4,000 na linadumu kambi mbili, na lingine ni 12,000 na linadumu kambi kumi na mbili. La kwanza linakugharimu 2,000 kila kambi. La pili 1,000. Familia tatu za jumuiya moja zinaweza kulinunua la pili na kulitumia kwa zamu, mradi mwekaji ajulikane na kuwe na daftari.

Lakini tuseme ukweli: hema la kambi si nyumba. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni angalau mita 3.5 za mraba kwa kila mtu anayeishi mahali. Hema la kawaida la familia la UNHCR, linalotolewa kwa wakimbizi, limekusudiwa watu 5, lina mita 23 za mraba pamoja na vibaraza vyake, na uzito wake unapita kilo 50. Hema la kambi la watu wanne lina kama mita 5 za mraba. Ni la siku chache za furaha. Likihitajika kwa dharura ya mafuriko litasaidia usiku wa kwanza, na hilo si jambo dogo, lakini tusiliegemee kwa miezi.

Mama yule wa hema la jiko yuko nasi. Kambi iliyofuata alikuja na hema la ngozi mbili walilonunua na jirani zake wawili, vigingi vya nondo, na mfuko wake wa nguo kavu. Ndiye aliyepita jioni kwenye mahema yote akiuliza swali moja tu: "Jiko lenu liko wapi?" Tulimjibu wote, mmoja baada ya mwingine: nje.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Familia zetu zina watu wangapi, na mahema tuliyonayo yanatosha wangapi kweli?
2. Nani kati yetu anaweza kutengeneza vigingi vya nondo, na nani anaweza kushona?
3. Je, kila mzazi na kila kijana katika jumuiya yetu anajua hatari ya jiko ndani ya chumba au hema lililofungwa? Nani atawaeleza wasiojua?